Mkuki kwa Nguruwe: Mnyama katika Picha za Kejeli

Katikati ya Mji Mkongwe wa Unguja pana barza mashuhuri iitwayo Jaws Corner. Jina hilo limetokana na filamu ya Kimarekani ya mwaka 1975 iliyosimulia habari za papa mla watu, na papa mwenyewe amechorwa ukutani, akiwatazama wanywa kahawa wanaobishana chini yake tangu alasiri hadi usiku. Kwa miaka mingi barza hiyo imejulikana kuwa ni ya watu wa upinzani. Sisi ni watu wa Chama, na hilo hatulifichi. Lakini kahawa haina kadi, na mara nyingi tumekaa pale tukasikiliza yanayosemwa.

Jioni moja kijana mmoja alitoa simu yake akaizungusha kwa waliohudhuria. Ndani yake mlikuwa na picha iliyochorwa kwa ustadi: mwili wa mheshimiwa mmoja umevaa suti, na juu ya shingo umewekwa uso wa nguruwe. Wako waliocheka hata vikombe vikatetemeka mikononi mwao. Wako waliosema astaghafirullahi wakageuza nyuso. Mmoja alisema kuwa picha kama ile ni haki ya raia katika nchi huru. Mwengine akasema aliyeichora apelekwe polisi usiku ule ule. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote alisema maneno matatu tu, kisha akaondoka zake: "Mkuki kwa nguruwe."

Methali hiyo sote tunaijua, na mwisho wake tunaujua: kwa binadamu mchungu. Mzee aliuacha mwisho huo kwa makusudi, ili kila mmoja aumalizie mwenyewe kwa kadiri alivyocheka au alivyokasirika.

Tumeona ni vyema tuitumie safu hii kulichambua suala lililozuka barzani, kwa sababu si la barza moja wala si la leo. Kumchora mtu kwa sura ya mnyama ni silaha ya zamani katika siasa. Imewahi kuwasaidia wanyonge, imewahi kuajiriwa na wenye nguvu, na imewahi kutangulia mbele ya mauaji. Mwananchi anayecheka na kiongozi anayechekwa wote wana la kujifunza humo.

Hazina yetu wenyewe

Isidhaniwe kuwa kumtumia mnyama ili kumsema mtu ni jambo tuliloletewa kwa merikebu. Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kuingia skuli ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba Kurani Tukufu inawafananisha waliobebeshwa elimu wasiifuate na punda aliyebeba vitabu. Mfano huo haukutolewa ili watu wachekeshwe. Unamlenga aliyepewa dhamana akaipuuza. Baadaye tulikutana na Kalila na Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ambamo simba, fahali na mbweha wanaendesha mambo ya ufalme, fitina na unafiki wa baraza la mfalme, na msomaji anajua vyema kuwa habari zile si za mwituni.

Hapa kwetu Unguja, Edward Steere alikusanya hadithi kutoka vinywani mwa wenyeji na kuzichapisha London mwaka 1870. Miongoni mwao imo ile ya kima na papa. Papa anamwalika rafiki yake kima ende naye kwao, na njiani anamwambia kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anaokoka kwa kudai kwamba moyo ameuacha nyumbani mtini. Na papa anapomwita mara ya pili, kima anamjibu kwa kisa cha punda wa dobi, aliyenusurika na simba mara ya kwanza kisha akarejea kwa simba yule yule kwa kuitwa kwa maneno matamu. Hakuna somo la uraia lililo wazi kuliko hilo.

Imo pia hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka alipoanza kula mifugo na watu wakaleta mashitaka, Sultani alijibu kuwa paka ni wake na mali ni yake. Paka akaendelea. Alipomaliza mifugo akaingia kwa watu, na Sultani bado hakujali, mpaka siku alipowala watoto wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani alipokubali kwamba yule si paka tena, ni nunda. Wazee wetu waliisimulia hadithi hiyo katika nchi iliyokuwa na sultani, na msikilizaji mwenye akili hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Ama picha iliyopigwa chapa pamoja na maneno yake chini, hiyo tunayo makabatini mwetu. Khanga ina mji wake, ina pindo zake, na ina jina lake, yaani yale maandishi yanayoipa ulimi. Kaderdina wa Mombasa ndiye anayetajwa sana katika habari za kuanza kwa majina hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Tausi, jogoo, samaki na simba wote wamechapwa juu ya kitambaa hicho, na hata jina la khanga linanasibishwa na ndege kanga mwenye madoadoa. Mwanamke aliyeudhiwa na wifi yake hana haja ya kumtukana. Hununua khanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita nayo mlangoni. Akiulizwa, atasema kuwa amevaa nguo tu. Uzuri wa silaha hiyo ni kwamba haimtaji mtu: anayejiona ndiye anayejitaja.

Tuliweke akilini jambo hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena mbali sana na hapa, mbele ya mahakama ya London.

Nguruwe wa London na wa Paris

Katika Uingereza ya karne ya 18 picha za kejeli zilichongwa juu ya mabamba ya shaba, zikapigwa chapa karatasi moja moja, nyingi zikitiwa rangi kwa mkono, kisha zikatundikwa katika madirisha ya maduka. Asiyekuwa na fedha za kununua alisimama njiani akatazama, na asiyejua kusoma akasomewa na aliyesimama pembeni yake. Dirisha la duka la picha lilikuwa ndilo barza lao. Mchoraji aliyesifika kuliko wote, James Gillray, aliishi juu ya duka la Bibi Hannah Humphrey mjini London, na humo ndimo zilimouzwa kazi zake.

Katika picha hizo nguruwe alikuwa na kazi nyingi. Kwa Mzungu nguruwe ni kitoweo cha kila siku, hana unajisi wa kidini. Akichorwa, maana yake ni ulafi, uchafu na kukosa haya. Basi mwaka 1790 mwanasiasa Edmund Burke alipoandika kitabu cha kuyalaani mapinduzi ya Ufaransa, aliufananisha umma wa watu wa chini na nguruwe, akihofia kwamba elimu itakanyagwa chini ya kwato zao. Alidhani ametukana na yamekwisha. Lakini watu wa chini wa Uingereza walilipokea tusi lile wakalifanya bendera. Mwaka 1793 Thomas Spence alianzisha gazeti dogo la peni moja akalipa jina lenye maana ya chakula cha nguruwe, na ndani yake akawagawia maskini maandishi juu ya haki na ardhi. Mwenzake Daniel Isaac Eaton alitoa lake lenye jina la makapi ya nguruwe. Mkuki uligeuzwa ncha ukamwelekea aliyeurusha.

Serikali ya Uingereza haikupendezwa. Katika gazeti la Eaton kilitokea kisa kilichosimuliwa na John Thelwall, juu ya jogoo dhalimu aliyewaonea kuku wenziwe uani hata akakatwa kichwa. Mfalme wa Ufaransa alikuwa amekatwa kichwa tarehe 21 Januari, 1793. Eaton akashitakiwa, na hati ya mashitaka ikaeleza kwamba jogoo yule maana yake ni Mfalme George wa Tatu. Hapo ndipo upande wa utetezi ulipopata njia. Uliuliza: ni nani aliyemfananisha Mfalme wetu mwema na jogoo dhalimu? Si mchapishaji, maana yeye amezungumza habari za jogoo. Ni mwendesha mashitaka mwenyewe! Mwezi wa Februari, 1794, wazee wa baraza walimwachia Eaton huru, naye akalipa duka lake jina la Jogoo na Nguruwe.

Msomaji atakumbuka khanga. Anayejiona ndiye anayejitaja.

Huko Paris nguruwe alifika hata jumba la kifalme. Mwezi Juni, 1791, Mfalme Louis wa Kumi na Sita alijaribu kutoroka nchi yake pamoja na familia yake, akakamatwa katika mji mdogo wa Varennes, akarejeshwa chini ya ulinzi. Haukupita muda zikauzwa picha zinazoonyesha jamaa yote ya kifalme wakiwa ni nguruwe wanaorudishwa zizini. Kwa karne nyingi mfalme alihesabiwa kuwa ni kivuli cha Mungu katika ardhi. Picha ya bei ndogo ilimshusha mpaka bandani. Watawala wa Ufaransa hawakuusahau ukali wa picha. Mwaka 1835 ilitungwa sheria iliyotaka kila mchoro upate kibali kabla ya kutolewa, ilhali maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Walijua kwamba maandishi yanamfikia anayejua kusoma peke yake, na picha inamfikia kila mwenye macho.

Lakini tusidhani kuwa kila mchoraji alikuwa mtetezi wa wanyonge. Gillray mwenyewe, tangu mwaka 1797, alipokea kwa siri posho ya Serikali ya paundi 200 kwa mwaka. Mwaka 1807, mawaziri walipoondolewa madarakani, aliwachora kuwa ni kundi la nguruwe wanaoporomoka kutoka jabalini kuingia baharini, na Mfalme akiwa mkulima anayewafukuza kwa nyuma. Picha ni ya kuchekesha mpaka leo. Hata hivyo msomaji wa picha hana budi kuuliza kila mara nani amelipia wino.

Nyani haoni kundule

Wakati wa ukoloni wanyama wa Afrika nao waliingizwa katika kejeli za Ulaya. Tarehe 3 Mei, 1904, gazeti la Simplicissimus la Munich, ambalo nembo yake ilikuwa mbwa mwekundu aliyechorwa na Thomas Theodor Heine, lilichapisha mchoro wa Heine huyo huyo kuonyesha namna kila taifa la Ulaya linavyotawala makoloni yake. Kwa upande wa Wajerumani, twiga wamepangwa mstari wanafundishwa kutupa miguu kama askari wa gwaride, na mamba anafungwa mdomo. Kwa upande wa Waingereza, Mwafrika anatiwa ulevi mdomoni na kukamuliwa katika mashine mpaka zitoke fedha, na kasisi amesimama hapo hapo. Kwa upande wa Wabelgiji, Mfalme Leopold anamchoma mtu mweusi ili amle.

Mchoraji huyo alikuwa na haki ya kusikilizwa. Miaka 6 kabla yake alikuwa amefungwa jela kwa kumkejeli Mfalme wa Ujerumani. Na picha yake ya twiga ilisema kweli kuliko alivyodhani, kwa kuwa mwaka uliofuata, mwezi Julai, 1905, wananchi wa Matumbi huko Bara walichoka kupangwa mstari katika mashamba ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Gazeti la Punch la London nalo, tarehe 28 Novemba, 1906, lilimchora Leopold kuwa ni nyoka aliyefanyika kwa mti wa mpira, amemzonga Mwafrika wa Kongo na kumbana mbavu. Picha hiyo iliyochorwa na Linley Sambourne ilisaidia kuamsha fikra za watu juu ya mateso ya Kongo, na mwaka 1908 Leopold alipokonywa nchi ile aliyoifanya shamba lake binafsi. Tunaipa picha hiyo heshima yake. Hata hivyo sisi wa visiwa hivi tunaitazama tukikumbuka kuwa Waingereza hao hao waligawana pwani yetu na Wajerumani kwa mkataba wa tarehe 1 Julai, 1890, na tarehe 27 Agosti, 1896, manowari zao zililibomoa jumba la Forodhani kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na mamia ya watu wakauawa au kujeruhiwa, kwa sababu tu aliyekalia kiti hakuwa chaguo lao. Wazee walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Ni rahisi kumchora nyoka aliye kwa jirani.

Nguruwe aliyechaguliwa kwa ajili yetu

Baada ya Vita vya Pili, kejeli ya wanyama iliingizwa katika ofisi za serikali na kupewa fungu. Mwaka 1945 George Orwell alikuwa ametoa hadithi yake ya shamba ambamo wanyama wanampindua mwenye shamba, kisha nguruwe wanageuka kuwa mabwana wapya. Alilenga Urusi ya Stalin. Mwaka 1948 Serikali ya Uingereza iliunda idara ya siri ya propaganda, na idara hiyo iliifanya hadithi ile kuwa mfululizo wa michoro ya magazeti iliyosambazwa katika nchi mbali mbali, zikiwemo India, Burma na Eritrea. Mwaka 1954 ikatoka filamu ya katuni ya hadithi hiyo hiyo, na fedha zake kwa siri zilitoka kwa wapelelezi wa Marekani.

Katika majalada ya idara hiyo, yaliyofunguliwa miaka mingi baadaye, limo jambo linalotuhusu. Mwaka 1949 afisa mmoja wa ubalozi wa Uingereza mjini Kairo alishauri kuwa hadithi hiyo inafaa hasa kwa wasomaji wa Kiarabu, kwa vile nguruwe na mbwa ni najisi kwa Waislamu. Hakusema kuwa wasomaji hao watazipima hoja za hadithi. Alitegemea chukio lao. Chukio la dini, ambalo kwetu ni ibada, kwake lilikuwa ni chombo cha kazi, mfano wa ndoana kwa mvuvi.

Hadithi yenyewe si makosa yake. Fortunatus Kawegere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatolewa Nairobi mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, na wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walifaidika nayo kwa kuwatazama viongozi wao wenyewe, wala si Urusi peke yake. Somo letu ni hili: mchoraji anapomchagua nguruwe kwa ajili ya watu wa visiwa hivi, amechagua mnyama mwenye uzito ambao huko London hana. Mtazamaji huenda akaishia katika kinyaa, asifike kwenye kitendo kinachosemwa.

Tukiwa bado hapo, tuukumbuke waraka wa Ikhwan as-Safa, wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, ambamo wanyama wanawashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Humo yamo malalamiko ya nguruwe: kwamba hajui afanye nini, kwani watu wa dini moja humuona amelaaniwa, wa dini nyengine humla kwa furaha, na waganga nao hutafuta dawa katika mafuta yake. Wanazuoni hao Waislamu hawakumhalalisha nguruwe. Walimpa nafasi ya kusema, ili binadamu ajione. Mkulima wa Unguja, ambaye hufukuliwa muhogo wake na nguruwe mwitu usiku kucha, ana haki ya kumchukia zaidi kuliko yeyote. Lakini hata yeye anajua kuwa nguruwe hakupata kula rushwa.

Mkuki unapomgeukia binadamu

Hadi hapa tumezungumza juu ya picha zinazowalenga wenye mamlaka kwa ajili ya matendo yao. Kuna aina nyengine, nayo ndiyo inayotufanya tuandike kwa uzito. Ni ile inayowafanya watu wa asili au dini fulani, wote kwa jumla, kuwa ni wanyama.

Katika Ujerumani ya Hitler, Julius Streicher alikuwa na gazeti ambalo kila wiki liliwachora Mayahudi kwa sura za nyoka, buibui na wadudu waharibifu. Streicher hakuongoza kambi yoyote ya mauaji. Kazi yake ilikuwa gazeti. Mahakama ya Nuremberg ilimtia hatiani, akanyongwa mwaka 1946, kwa kuwa ilithibitika kwamba yeye ndiye aliyezilainisha nyoyo za watu mpaka mauaji yakawezekana.

Kwa jirani zetu wa Rwanda, gazeti la Kangura lilianza mwaka 1990. Kwa maandishi na kwa vikaragosi liliwafundisha wasomaji wake kumuona Mtutsi kuwa ni mende, na kwamba mende huzaa mende. Redio ikachukua neno hilo ikalipeleka mpaka vijijini. Mwaka 1994, katika muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 waliuawa, wengi wao kwa mapanga. Mende hahesabiwi kuwa anauawa; mende hukanyagwa. Kesi ya mhariri wa Kangura na wenziwe wawili ilisikilizwa hapa hapa Tanzania, mjini Arusha, na tarehe 3 Desemba, 2003, wote watatu walitiwa hatiani. Rufaa ya mwaka 2007 ilimwachia mhariri huyo kifungo cha miaka 35.

Nasi tusijifanye kuwa hayo ni ya wengine. Wazee wetu walioishi katika zama za siasa, tangu uchaguzi wa mwaka 1957 hadi mwaka 1963, wanakumbuka jinsi majukwaa na magazeti yalivyojaa matusi ya asili na kabila, kila upande ukiutoa upande mwengine katika ubinadamu. Mwezi Juni, 1961, siku ya uchaguzi, matusi yale yalitoka mdomoni yakaingia mkononi, na watu 68 wakapoteza maisha katika kisiwa hiki. Si mbali: ni njia zile zile tunazopita kwenda sokoni na mashamba yale yale tunayochumia karafuu. Sura ya Al-Hujurat inatukataza kudharauliana na kuitana kwa lakabu mbaya. Tuliihifadhi tukiwa watoto; huenda tulipaswa kuirudia tukiwa watu wazima.

Yanayotupasa

Picha za wanyama hazitakwisha, wala hatuombi zikome. Mwaka 2012 katika kuta za Nairobi walichorwa wanasiasa kwa sura ya ndege wala mizoga. Tarehe 14 Mei, 2013, wananchi waliokasirishwa na wabunge waliotaka kujiongezea mishahara walipeleka nguruwe wa kweli na damu mbele ya Bunge la Kenya. Mwezi Juni, 2014, vijana wawili wa Uganda wasiokuwa na kazi waliingiza watoto wawili wa nguruwe katika viwanja vya Bunge mjini Kampala. Kwetu Tanzania, Ali Masoud amewachekesha na kuwafikirisha watu kwa kipanya wake mdogo, hata yeye mwenyewe akajulikana kwa jina la Masoud Kipanya. Kipanya hana nguvu wala cheo, na ndiyo sababu anasema ambayo wakubwa hawasemi.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu wenye dhamana, kabla ya kuita polisi kwa sababu ya mchoro, waulize maswali mawili. La kwanza: je, picha hii inamsema mtu kwa kitendo chake, au inawasema watu kwa asili yao? La pili: je, aliyechorwa ana kiti na sauti ya kujibu, au ni mnyonge ambaye kesho atakabiliwa na panga? Ikiwa ni kitendo, na aliyechorwa ana kiti, basi jawabu yake ni kazi njema, si pingu; na anayekwenda mahakamani kudai kuwa jogoo ni yeye, ajue kilichowapata waendesha mashitaka wa London mwaka 1794. Ikiwa ni asili ya watu, hapo hapana mzaha tena. Hapo sheria na isimame mapema, kabla damu haijamwagika, na isimame juu ya yeyote, awe wa upinzani au wa Chama chetu.

Tunawashauri pia wahusika wa Nyaraka zetu pale Kilimani waendelee kuyatunza magazeti ya zamani, ya kila upande, na walimu wa skuli wawapeleke wanafunzi wakayatazame. Mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi babu zake walivyoandikana hatadanganyika kwa urahisi akiletewa tusi hilo hilo ndani ya simu.

Kuhusu kijana wa Jaws Corner, hatuungi mkono apelekwe polisi. Kosa lake si jinai. Ni kwamba ana mkono mzuri na amechagua mnyama vibaya: aliwapa watu kinyaa, na walipoondoka hakuna aliyekumbuka mheshimiwa yule alikuwa ametenda nini. Hazina ya visiwa hivi inamtosha. Amwache nguruwe kondeni, amchore paka wa Sultani Majinuni, amenona, amelala kwenye zulia la bwana wake. Na mheshimiwa, picha hiyo ikimfikia, asiulize ni nani aliyeichora. Aulize ni ng'ombe wa nani aliyeliwa.